Kizibao cha Mapafu

Fundi alikuwa ameshona kila kinachovalika, ila mapafu hakuwa ameyashona. Kwa hiyo Jumatatu jioni wifi yake alipoingia mbio na kitabu cha sayansi, akakitandaza juu ya cherehani na kusema, "Wifi, nishonee hiki," fundi aliitazama picha, akamtazama wifi, akairudia picha.

"Hiki nini? Maini?"

"Mfumo wa upumuaji."

"Unavaliwa wapi?"

"Darasani. Alhamisi. Mbele ya mkaguzi."

Hapo fundi akaacha utani. Habari za mkaguzi alizijua. Wifi huyu, dada wa mumewe, alifundisha darasa la sita katika shule ya mtaa wa nyuma, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa majaribio. Muhula uliopita mkaguzi alikuja kumtazama akifundisha, na mwalimu wa watu akatetemeka, chaki ikamponyoka, machozi yakamtoka, kipindi kikaisha kaugeukia ubao kama aliyeadhibiwa. Alhamisi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akithibitishwa kazini, anabaki. Asipothibitishwa, anafunga sanduku na kurudi kwa wazazi, safari ya siku mbili kwa basi, na fundi anabaki na mumewe. Mume mwema, jamani, hana neno. Tatizo lilikuwa hilohilo: hana neno. Kwa siku ukimtoa maneno manne, umeshinda. Kicheko cha nyumba ile kilikuwa cha mawifi wawili, na mmoja akiondoka mwingine angecheka na nani? Na cherehani?

"Nitakushonea," alisema fundi. "Hata utumbo ukitaka, nitakushonea."

Jumanne, tangu wifi alipotoka shule, walikuwa kazini. Fundi alikata kizibao cheusi, akashona mapafu kwa mahameli ya waridi iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja aliyeghairi. Ndani ya kila pafu akaacha nafasi ya puto. Kipande cha mpira wa kumwagilia maua kikawa bomba la hewa, kutoka shingoni hadi pale linapogawanyika mara mbili, pafu hili na pafu lile. Mapafu yenyewe aliyafunga kwa vishikizo vya kubofya, ili mwalimu aweze kuyabandua na kuwaonyesha watoto.

"Na kimlango hiki hapa kooni?"

"Kidakatonge. Ukimeza, kinaziba njia ya hewa, chakula kisije kikaingia mapafuni. Kikichelewa, unapaliwa."

"Ndiyo maana mama yenu anapaliwa kila mlo. Anaongea huku anakula, kidakatonge cha watu hakijui kifuate lipi."

"Usimtie mama yangu kwenye somo!"

Fundi akacheka, akakishona kidakatonge kwa kipande cha kola. Kisha akauliza vile vijitawi vya bomba la hewa pale pichani vinaishia wapi. Wifi akamweleza kwamba ncha zote zina vifuko vidogo, humo ndimo hewa safi inamopenya kwenda kwenye damu, na hewa chafu ikapata njia ya kutoka.

"Vifuko vingapi?"

"Kama milioni mia tatu hivi."

Fundi akaweka mkasi chini taratibu. "Wifi. Umesema Alhamisi ipi?"

Wakakubaliana kutia shanga, kiganja kimoja kila upande.

"Pafu la kulia lina sehemu tatu," wifi akaendelea, kidole kwenye kitabu. "La kushoto mbili tu, na lina pengo hapa. Limeupisha moyo."

"Basi la kushoto lina adabu," alisema fundi, akalipima kwa futi.

Jioni wakayajaribu maputo. Pampu ya baiskeli ilikuwa bado kwa mwenyewe, yaani mume, kazini, wakaamua kupuliza kwa midomo, na kwa kuwa mawifi hawawezi kufanya kitu bila kushindana, wakashindana. Puto la tatu fundi aliona ukuta unamkonyeza. La nne wote wawili walikuwa sakafuni wamelala chali.

"Ni hewa," wifi alisema huku akihema. "Ukipuliza mfululizo unaitoa ile hewa chafu kupita kiasi. Kichwa kinakuwa chepesi."

"Changu kilikuwa chepesi toka zamani," fundi akajibu, na hapo wakaanza kucheka, na kucheka nako ni kupumua, kizunguzungu kikazidi, wakacheka zaidi. Mume akafungua mlango. Akawaona chini, mmoja kakumbatia puto, mwingine anapigapiga miguu hewani.

"Kuna chai?" akauliza. Yakabaki maneno mawili ya siku ile.

Mambo yaliharibika Alhamisi asubuhi, robo saa kabla ya kutoka. Wifi alivaa kizibao, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, kitabu mkononi. Akatazama kitabu. Akatazama kioo. Rangi ikamtoka.

"Wifi! Umenishonea kinyume!"

"Nani? Mimi?"

"Tazama! Kitabuni lile kubwa liko upande huu. Kwangu liko upande ule!"

Fundi akatazama, na kweli kitabu na kioo havikupatana. Lakini mikono yake ilikataa. Miaka kumi na tisa ilikuwa imeshona kulia kwa mvaaji, haijawahi kumpa mtu mkono wa kushoto begani kulia. "Wifi, mimi nadhani kioo..."

"Kioo kimefanya nini? Hiki ni kitabu cha serikali!" Na machozi yaleyale ya muhula uliopita yakaanza kumlengalenga.

Fundi alikuwa ameacha shule darasa la nne. Kubishana na fundi mwenzake aliweza hadi kesho, ila na kitabu, moyo ulimwisha. Akabofya, akabandua, akahamisha la kulia kushoto na la kushoto kulia. Kisha akachukua pampu, wakatoka mbio.

Darasani mkaguzi alikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakimgusa kidevu, faili wazi. Uso wake ulikuwa mkavu kama biskuti. Fundi alijikunja nyuma ya wifi, pampu kati ya miguu. Kila mwalimu aliposema "vuta", alipampu, mahameli ikatuna, watoto wakapiga kelele za furaha. Wifi akafafanua vizuri kwamba pampu inasukuma, lakini mwili hausukumi: chini ya mapafu kuna kiwambo, kikishuka kifua kinapanuka, hewa inaingia yenyewe. Sauti haikutetemeka. Fundi akaanza kuona raha.

"Sasa kila mtu aweke mkono kwenye moyo wake," alisema wifi, na yeye akauweka wake.

Mikono arobaini ikaenda kushoto. Wa mwalimu nao ukaenda kushoto, ukatua juu ya lile pafu nene la sehemu tatu, lisilo na pengo hata la kupitisha kidole. Msichana wa dawati la mbele, ambaye shule nzima ilimwita Redio, akainua mkono mwingine.

"Mwalimu, moyo wako umehama?"

Mkaguzi akatoa kalamu. Fundi, kule chini, akaielewa habari yote kwa mara moja, akatamani sakafu impishe.

Wifi akajitazama kifuani. Akatazama kitabu cha Redio. Bega likaanza kumcheza, na fundi akajua: sasa analia, kwisha habari yetu. Kumbe hakulia. Kicheko kilimponyoka puani, akajaribu kukimeza, kikagoma, na badala yake ikatoka kwikwi.

"Samaha—kwi!"

Mapafu yakaruka kifuani kwake, shanga zikalia chacha. Darasa likaangua kicheko.

"Mnaona—kwi!—mnaona hiki? Ni kiwambo! Kimejikaza—kwi!—bila ruhusa, hewa inaingia ghafla, koo linajifunga, na huo ndio—kwi!—mlio wake!"

Fundi hakujua miguu yake ilimpeleka vipi, lakini alijikuta amesimama mbele ya watu, kitabu cha Redio mkononi.

"Mnisamehe, mimi fundi tu," alisema. "Mwalimu hakukosea, alidanganywa na kioo." Akakibandika kitabu kifuani mwake, picha ikiwatazama watoto. "Kitabu si kioo. Kitabu ni mtu aliyesimama mbele yako anakutazama. Kulia kwake ndiko kushoto kwako. Haya, wewe na jirani yako, tazamaneni mshikane mikono ya kulia."

Wakatazamana, wakashikana, mikono ikapita katikati. "Ooooh!" likasema darasa zima. Na fundi, mbele ya macho yao, akabofya mapafu ya wifi yake kuyarudisha kwao, ta, ta, ta, huku mwalimu akiruka kwa kwikwi.

Akarudi kwenye pampu. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kuhesabu. Alipampu, akapampu, wifi akaeleza vifuko vya hewa, kwi, damu, kwi, na fundi akapampu tena.

PAA!

Pafu la kulia lilipasuka. Shanga zikatawanyika hadi dirishani. Mkaguzi akaruka, faili likaenda zake, akabaki ameng'ang'ania dawati kama mtu aliye juu ya punda. Kwikwi ya mwalimu ikakatika palepale.

Wote wakamgeukia mkaguzi. Biskuti ikameguka: alianza na tabasamu, kikafuata kicheko chembamba cha ajabu, kikamsukasuka hadi miwani ikamtoka. Akasimama, akajikung'uta shanga, akavaa uso wa kazi.

"Mwalimu," alisema. "Muhula uliopita nilimwona mtu anayeogopa kukosea. Leo ume—kwi!"

Akashika kifua kwa mshangao.

"Umethi—kwi! Umethibi—kwi!"

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa limeinama mbele, na wifi kafumba macho. Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"—tishwa?"

Mkaguzi alimnyooshea kidole, akatikisa kichwa kukubali mara tatu, maana mdomo ulikuwa umekataa kazi. Kelele zilizopigwa hapo zilimleta mwalimu mkuu mbio kutoka ofisini. Wifi hakumwona. Alikuwa amegeuka, amepiga magoti chini, na kumkamata fundi mabega yote mawili.

"Nabaki, wifi! Nabaki!" Kisha akamtazama vizuri usoni. "We! Pumua!"

Na fundi, ambaye hakujua hata alikuwa ameacha tangu lini, akapumua.