Mtandao wa Leo Mzito

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, asubuhi, kabla hata chai haijapoa. Siku hiyo mkuu wa jengo alipita na kopo la gundi, akabandika tangazo kwenye milango yote ya vyumba vya chini: chumba kilichosajiliwa kwa huduma za mtandao, Ijumaa kikikutwa hakina mtandao, kitakabidhiwa mtu mwingine. Na siku hiyohiyo mwashi mmoja, mzee aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule na asimiliki hata moja, alifungua chumba cha marehemu mke wake kwa mara ya kwanza tangu msiba, akawasha kompyuta, na kompyuta ikagoma. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama mfuko wa shati. Meza, mashine ya kutoa nakala iliyofunikwa shuka, viti viwili vya plastiki vya wateja, na juu ya mlango kibao alichokipaka rangi mwashi kwa mkono wake: KUCHAPA, NAKALA, MTANDAO. Mkewe alikaa pale miaka kumi na miwili. Alichapa barua za kuomba kazi ambazo wenye kazi hawakuzijibu, akajaza fomu za watu wanaoogopa fomu, akawatafutia wazazi matokeo ya watoto wao na kujua kunyamaza yalipokuwa mabaya. Mwashi aliishia darasa la nne. Kusoma alisoma, ila kama mtu anayevuka tope, mguu mmoja baada ya mwingine.

Ndugu walimshauri akiachie chumba. Alikataa. Nyumbani nguo za marehemu zilishagawanywa, hata kikombe chake kilipata mwenyewe. Huku hakuna aliyegusa kitu. Sweta lake lilikuwa bado mgongoni mwa kiti.

"Hawa wakubwa," alimwambia mama wa cherehani, jirani wa mlango wa pili, "mtu akifiwa wanakuja na pole mkono huu, na gundi mkono huu."

"Limebandikwa milango yote, baba," mama wa cherehani alijibu, pini zikiwa mdomoni. "Hata wangu. Na mimi sina mtandao, nina sindano."

Mwashi hakucheka. Alimpigia simu shemeji yake.

Shemeji, mdogo wake marehemu wa kike, tumbo moja, alikuwa fundi wa kompyuta. Jumatano alikuja na mkoba wa mgongoni uliojaa bisibisi na nyaya, akalitazama lile sweta, akavuta kiti kingine akakaa. Kompyuta ilikuwa ya kupakata, nyembamba, ya zile zisizo hata na tundu la waya wa mtandao. Aliibonyezabonyeza kidogo tu.

"Mfumo wake umeoza, shemeji," alisema. "Na waliouuza walishautupa mkono siku nyingi. Nitakuwekea mwingine, wa bure."

"Wa bure? Rahisi huvunja upishi."

"Huu si rahisi, ni huru. Kuna watu dunia nzima wanauandika na kuugawa. Anayetaka anachukua, anayejua anarekebisha."

"Na mkubwa wao nani?"

"Hawana mkubwa wa hivyo unavyofikiria."

"Basi ndiyo maana unafanya kazi," alisema mwashi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akakaa kitako.

Shemeji alichomeka flashi, mfumo mpya ukaanza kujipanga. Mstari wa buluu ulitambaa kwenye kioo, ukafika robo, ukasimama. Yakatokea maneno.

"Inasema haioni kadi ya mtandao."

"Kadi gani tena? Isije ikawa ya chama."

"Ni kipande kidogo humu ndani, kama stempu. Ndicho kinachodaka mtandao hewani. Bila hicho mashine ni kiziwi." Akakuna kichwa kwa ncha ya bisibisi. "Usiogope, hili ni gonjwa la kawaida. Kadi nyingi haziamki mpaka zisomewe faili maalumu la kampuni iliyozitengeneza. Watu wa mifumo huru wengine hawaliweki, kwa sababu si lao kuligawa."

"Sasa hilo faili liko wapi?"

"Mtandaoni."

Mwashi alitazama flashi, kisha mashine.

"Yaani ili niingie mtandaoni, natakiwa kwanza niende mtandaoni."

"Ndivyo."

"Na unaniambia hawana mkubwa. Hilo ni neno la mkubwa kabisa. Ni kama ile ofisi ya vitambulisho: lete kitambulisho ndipo upewe fomu ya kuomba kitambulisho."

Shemeji alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Wewe bwana, ukijikwaa unashtaki serikali."

"Na jiwe aliliweka nani?"

Waliachana hivyo. Shemeji aliahidi kwenda kulitafuta faili kwake, pamoja na mafaili mengine yote ya aina hiyo, maana hakujua kadi ile ni ya kampuni gani. Mwashi alifunga mlango, akalisoma tena lile tangazo neno kwa neno, kama kwamba huenda gundi ilipokauka na maneno yamelegea.

Alhamisi shemeji alirudi na flashi ya pili. Akaimwagia mashine mafaili ya kadi za kila kampuni aijuayo. Kimya. Akaizima, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha pembeni, akaingia kwenye ile mipangilio ya chini kabisa inayoamka kabla mfumo haujaamka, kuangalia kama kuna mtu aliyewahi kuifungia kadi kule. Haikufungiwa. Mwisho akaiamuru mashine itaje kila kiungo ilicho nacho, naye akawa anasoma kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

"Sauti, yupo. Picha, yupo. Kamera, yupo. Diski, yupo." Akarudia kutoka juu. "Kadi ya mtandao haijaitika."

"Si ndivyo ulivyosema jana?"

"Jana nilidhani ameitika na mfumo haukumwelewa. Ukigonga mlango, mtu akakujibu kwa lugha usiyoijua, hiyo ni kazi ya kutafuta mkalimani. Lakini ukigonga kutwa nzima na hata kikohozi husikii, acha habari ya mkalimani. Angalia kama kuna mtu ndani."

"Huo mfumo wako wa bure umemuua. Kesho Ijumaa, chumba kinakwenda, na hakuna wa kuulizwa."

"Nyumba njema si mlango, shemeji. Nishikie taa."

Akaigeuza mashine kifudifudi, akatoa skrubu za mgongoni moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Mgongo ulipobanduka walitazama pamoja, vichwa vyao vikigusana. Kulikuwa na vumbi jepesi, na feni ndogo kama ua. Pembeni kulikuwa na nafasi tupu yenye meno ya shaba, upana wa kidole gumba, na juu yake nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Ncha za nyaya zilikuwa zimezungushiwa plasta ya kidonda, kisha zikafungwa pamoja kwa uzi wa kijani, fundo dogo, ncha zimekatwa sawasawa.

"Shemeji," fundi alisema polepole, "kadi haionekani kwa sababu haipo."

Mwashi alikuwa na mtuhumiwa tayari. Tangu Jumanne alikuwa amembeba mgongoni, akingoja tu pa kumtua. "Mkuu wa jengo," alisema. "Ana ufunguo wa kila chumba hapa. Anaiba kadi, kisha anabandika tangazo kwamba huna kadi." Akanyanyuka kwenda mlangoni.

"Kaa chini. Mwizi hafungi vidonda. Angekata akaenda zake. Huyu karudisha mpaka skrubu ya kadi mahali pake, ione hii."

Sauti ya mwashi ilikuwa imeshavuka ukuta. Mama wa cherehani aliingia na futi yake shingoni, akitaka kujua nani anapigwa. Akaonyeshwa. Akainama, akavaa miwani.

"Uzi huo wangu," alisema. "Kijani hiki ni cha sare za shule, hakuna mwingine anacho ukumbi huu. Marehemu aliniomba kipande. Alisema kuna kitu kimekufa ndani ya mashine yake, anakizika vizuri."

"Lini?" mwashi aliuliza.

"Zamani kidogo. Mwaka juzi, mwishoni mwishoni. Miguu ilikuwa haijaanza kumvimba vibaya."

"Na kazi za watu za mtandao alizifanyia wapi, muda wote huo?"

Mama wa cherehani alimtazama mwashi, kisha shemeji, kisha mwashi.

"Si kule jengo la pili, ghorofani, penye mtandao wa kulipia? Anachapa hapa, anatia kwenye flashi, anapeleka. Kila alasiri, flashi shingoni kama kidani. Akirudi anakaa kwenye stuli yangu mpaka pumzi imrudie, ndipo anaingia kwake kuwapa watu karatasi zao. Mimi nilidhani unajua, baba."

Mwashi hakujua. Alichokijua ni jioni. Alikuwa anarudi kutoka kwenye ujenzi, saruji imemkauka kwenye kucha, anamkuta mkewe ameloweka miguu kwenye beseni, anamuuliza kazi imekwendaje, naye anajibu, "Mtandao wa leo mzito." Basi. Neno hilo lilimtosha mwashi. Angeanza na kampuni ya simu, akapanda kwa mkurugenzi, akapanda kwa waziri, akawasomea wote, hao walioamka asubuhi moja na kuhamishia kila kitu mtandaoni, leseni, shule, hata kuzaliwa na kufa, bila kuuliza nani ataweza kuwafuata huko. Chakula kingepoa. Mkewe angetikisa kichwa akisikiliza, na mwashi siku zote alidhani anatikisa kwa kukubali.

Wala hakuwasingizia. Walihamisha kila kitu kweli, hawakuuliza kweli, na aliyepandishwa ngazi na uhamisho wao alikuwa mwanamke wa miguu iliyovimba. Lakini lawama ni kama zege. Ukishalimwaga, kilicho chini hukioni tena.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, mashine wazi mapajani. "Kadi hii ni kitu kidogo," alisema. "Ningekuja nayo mfukoni, siku hiyohiyo. Mimi ndiye fundi, ndiye mdogo wake, simu yangu haizimwi. Hakunipigia."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mama wa cherehani alisema, kwa kutaka kuponya.

"Na kata ndiyo tuliyoizika," mwashi alisema.

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilikuwa imeachwa na mguu wa suruali chini ya sindano, na mama wa cherehani akaona ni vizuri akaumalizie.

Shemeji alirudisha mgongo wa mashine. Uzi wa kijani hakuugusa. Akatoa simu yake, akaiunganisha na mashine kwa waya wa chaji, akabonyeza mara mbili. Mfumo ule huru, uliokuwa umenyamaza siku mbili, ukaiona simu papo hapo, ukaichukua kama ndiyo kadi yake, na mstari wa buluu ukaanza kutambaa tena, ukapita pale uliposimama. Alasiri ilipoingia ulikuwa umemaliza.

"Kwa kesho itatosha," alisema shemeji. "Kadi yenyewe nitaileta wiki ijayo nikuwekee."

"Kwa nini hukufanya hivi jana?"

"Jana nilikuwa nataka kumponya mgonjwa. Sikujua hayupo."

Ijumaa walifika mapema wote wawili. Mwashi alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi na alikuwa na maneno. Aliyatengeneza usiku kucha, moja juu ya jingine, yamepigwa timazi kama ukuta: neno la pole, neno la gundi, neno la watu wanaokagua vyumba vya wafiwa. Mteja wa kwanza alitangulia kuingia, kijana wa kiume na cheti chake kwenye bahasha ya plastiki, anataka kutuma maombi ya chuo. Shemeji akamkalisha, wakaanza kujaza, na fomu ikaenda. Mwashi aliisikia mashine ikitoa kamlio kadogo ka kwamba imefika, akageuza uso dirishani.

Mkuu wa jengo alikuja na rundo lake la funguo kiunoni. Alitazama kioo, akamsogeza kijana kidogo apate kuona, akasoma, akaridhika. Hakukaa hata dakika mbili.

"Vizuri. Chumba kinafanya kazi," alisema. "Sasa, mzee wangu, unaendelea nacho au unakiachia?"

"Kwa nini nikiachie?" Neno la kwanza lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi.

"Sikuulizi kwa ubaya. Tangazo ni la jengo zima, na amri imetoka juu, mimi nimepewa gundi tu. Nakuuliza kwa sababu marehemu alinijia siku moja, akataka kujua mtu akirudisha ufunguo utaratibu unakuwaje. Nikamweleza. Akasema atafikiria, nami nisimwambie mtu. Hakurudi tena." Akazishika funguo zake zisilie. "Nikasema labda alikuambia wewe."

Yale maneno yaliyopigwa timazi hayakutoka hata moja. Mwashi alimtafuta mkubwa wa kumlaumu kwa hili, chini na juu, akakosa. Kijana wa chuo alikuwa amejikunja kwenye kiti cha plastiki, akijifanya anasoma cheti chake mwenyewe. Mkuu wa jengo alisimama mlangoni, anasubiri.

Mwashi alimgeukia dada mdogo wa mkewe, aliyekuwa bado ameshika waya wa simu usichomoke.

"Shemeji," aliuliza, "dada yako alikuwa anakishikilia chumba hiki, au alikuwa anakiacha kidogo kidogo?"