Chetezo Kisivuke Mlango

Mbangua korosho hujulikana kwa vidole. Vya Nuru vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha kwa mafuta ya maganda, na kesho yake alikuwa anaolewa. Juu ya weusi ule hina haionekani. Basi siku hiyo, kabla ya kutoka kiwandani, alipita karakana, akamimina dawa ya kuoshea vyuma kwenye chupa ya soda, akaificha chini ya kanga hadi nyumbani kwao Rahaleo.

Latifa, rafiki yake, alipokuja kumwona, aliinusa kabla hajavua ndala. Yeye alifanya kazi hukohuko karakana, akiosha vipuri vya mashine chini ya fundi Josephu. Wenzake waliiita dawa tamu kwa ajili ya harufu yake. Josephu aliiita kiyeyushi cha klorini, na kopo halikufunguliwa bila glavu wala madirisha yakiwa yamefungwa. Kiberiti hata mfukoni hakutaka kukiona.

"Mvuke wake haupandi kama moshi," aliwaambia. "Ni mzito, unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Na ukiwaka, moshi wake ni sumu."

Chumbani, mlango na dirisha vilikuwa vimefungwa, maana mwari haonwi. Nuru alikaa mkekani, mikono ndani ya bakuli.

"Shoga, tazama!" alicheka kama mlevi. "Vimeanza kutakata. Ila kichwa kinazunguka. Furaha hiyo."

"Si furaha. Toa mikono!"

Ukumbini zikasikika ndala. Shangazi Asha, somo wa bibi harusi, alikuwa anakuja na chetezo, makaa yameiva, udi unafuka. Kingewekwa sakafuni, Nuru akichuchumalie afukize nguo zake.

Latifa alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, akasimama katikati ya njia. Kwenye shughuli za watu Latifa alikuwa mtu wa kusemewa na wengine, si wa kusema.

"Shangazi, rudi nyuma. Moto usivuke hapa."

"Wee! Unamzuilia bibi harusi udi? Unamtakia mkosi?"

"Namtakia uhai."

"Tangu lini umeota mdomo, mtoto we?"

"Tangu sasa. Humo ndani kumemwagwa kitu kibaya kuliko petroli. Peleka makaa uani, mbali kabisa, kisha urudi unitukane."

Kwa neno petroli, Asha aligeuka, na kwa umri wake alikwenda mbio.

Latifa aliingia tena, akafungua dirisha, akamkokota Nuru mpaka barazani. Kisha akajaza pumzi, akarudi, akalifunika bakuli na kulitoa nje upande wa barabara, pasipo na jiko wala mvutaji sigara. Chupa aliifunga kwa kizibo, irudi kwa Josephu.

Nuru alitapika, akapata nafuu, akaanza kulia. Ngozi ya vidole ilikuwa imekauka na kupasuka, nyeusi bado. Asha alirudi bila chetezo, akaiosha mikono ya Nuru kwa maji mengi na sabuni, akaipaka mafuta ya nazi.

"Hina utaipaka wapi, shangazi?"

"Kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu. Vidole vipumzike."

"Watu watasema!"

"Waseme. Bwana harusi alikuona ukibangua korosho, hakukuona ukiuza sabuni."

Nuru akacheka huku machozi yakimtiririka. Asha akamtazama Latifa.

"Na wewe mwenye mdomo mpya, shika mkono wa mwenzio usitikisike."

Latifa akaushika, na ua la kwanza likaanza kuchorwa hapo hapo barazani.