Mkia Kwenye Foleni ya Kahawa

Solbritt Hedlöf aliufunga mkia wa ng'ombe kiunoni kwa pini mbili, akaomba Mungu zisimwaibishe. Jioni hiyo ndiyo ya kuamua. Akishamaliza hadithi, kamati ya ukumbi wa kijiji ingepiga kura: Alhamisi zibaki za Solbritt na masimulizi yake, au zigeuzwe za bingo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Helmer Nygårds, mstaafu wa kiwanda cha mbao, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka hadharani. Alikaa mstari wa mbele, kakunja mikono, uso kama mlango wa stoo.

Solbritt hakuwa na mwenzake jukwaani. Peke yake akawa mchoma mkaa, akawa msitu wa Hälsingland, jimbo la huko Uswidi, akawa Bibi wa Msitu mwenyewe, yule ambaye kwa mbele ni mrembo wa kuua, kwa nyuma ana mgongo wenye uvungu kama gogo lililooza, tena ana mkia. Jasho lilimtoka. Watu walimtazama kimya. Hawa wakifurahi wananyamaza, wakichukia wananyamaza, na maskini wa jukwaani anabaki kubahatisha. Kuna siku Solbritt alitamani japo mtu mmoja amzomee.

Akafika penye utamu. Bibi wa Msitu amekuja kuota moto wa tanuri, anajigeuza, na mkia unajitokeza chini ya gauni. Mchoma mkaa kauona. Akikosea neno, amekwisha.

"Mchoma mkaa akafungua kinywa," Solbritt akasema kwa sauti ya chini, "akamwambia..."

Akanyamaza. Kimya hicho alikifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya paka wake. Ukumbi ukatulia tuli. Ndani ya utulivu huo mtambo wa kahawa ukakoroma jikoni, kama unavyokoroma kahawa ikiwa tayari.

Majken, mwenye zamu ya jikoni, akachungulia. Akaona jukwaa kimya.

"Haya, naona ni mapumziko. Karibuni, skonzi za mdalasini bado za moto!"

Watu wakainuka wote, kwa adabu zao, wakapanga foleni.

"Jamani, sijamaliza!" Solbritt akalia.

"Utamalizia, mwenzangu," Majken akamjibu. "Hadithi haipoi. Kahawa inapoa."

Machozi ya hasira yalimlengalenga Solbritt. Bingo! Miaka yote hii, kumbe anashindwa na skonzi! Akashuka, akajipanga mwisho kabisa, maana katika ukumbi ule hata aliyevunjwa moyo hapiti mbele ya wenzake. Pini moja ikafyatuka. Mkia ukaporomoka, ukawa unaburuzika sakafuni nyuma yake. Kila mtu aliuona, na kila mtu akageuka kuzichunguza skonzi kwa makini.

Helmer alikuwa anarudi na kikombe chake. Akasimama kando ya Solbritt, akatazama dari, akakohoa.

"Samahani, bibie," akasema. "Shimizi yako inachungulia kidogo kwa nyuma."

Foleni ikaganda. Solbritt akayatambua mara moja. Hayo ndiyo maneno ya mchoma mkaa, yale aliyokuwa hajayatamka. Mkia kauona, lakini anajifanya kaona shimizi tu, asimwaibishe mwanamke, na adabu hiyo ndiyo inayomwokoa.

Solbritt akaunyanyua mkia polepole, akautupia begani kama mtandio.

"Ahsante, mchoma mkaa. Kwa adabu yako hiyo, tanuri lako halitaungua kamwe."

Mtu mmoja akapaliwa na kahawa. Kicheko kikalipuka, kikapita foleni nzima hadi jikoni. Helmer hakucheka, ila masharubu yalimchezacheza.

"Marehemu bibi yangu, akisimulia hadithi hii, alikuwa ananyamaza palepale uliponyamaza wewe," akasema. "Halafu anakwenda kukamua ng'ombe. Sisi tunabaki tumekodoa macho mpaka arudi."

"Ina maana ulikuwa unasikiliza?" Solbritt akauliza.

"Unadhani nilikuwa nafanya nini pale mbele?"

"Na kura yetu je, mwenyekiti?" Majken akapaza sauti.

"Bingo iende Jumanne. Anayepinga anyooshe mkono." Mikono yote ilikuwa na vikombe. "Sasa mpisheni Bibi wa Msitu achukue kahawa, arudi kutumalizia."

Foleni ikagawanyika pande mbili. Tangu ukumbi ule ujengwe hakuna aliyewahi kupishwa, hata mchungaji. Solbritt akapita katikati yao na mkia wake begani, machozi yakimtiririka, na hakujali nani anayaona.