Chepkurui Hakulia

Nilizalisha akina mama wa Nakuru kabla wengi wenu hamjaota meno, kwa hiyo nikisema Sista alikosea, sisemi kwa chuki. Alikuwa muuguzi mkuu wetu, Mzungu mwenye mikono misafi na kichwa kigumu. Mwaka wa 1956 wodi yetu ya uzazi aliiendesha kwa kanuni moja: anayepiga mayowe apelekwe chumba cha kuzalia, anayenyamaza bado, arudi kwao akangoje.

Asubuhi moja lori la shamba fulani la Subukia lilituletea Chepkurui. Alilazwa chali, akatazama dari, asitoe hata mguno. Sista alisimama mlangoni kidogo tu.

“Huyu bado kabisa. Hapana lia. Dereva rudisha yeye.”

Chepkurui alinishika aproni. “Mama, wa kwanza nilimzalia ndani ya hiyo lori,” akaniambia polepole. “Alikufa kabla tufike. Usinirudishe.”

Moyo uliniuma, halafu ukawaka. Nilikulia kwenye nyumba za reli, ukuta mmoja na majirani Wakipsigis kama yeye, na nilijua kwao mwanamke hajifungui kwa kelele. Akilia, wakwe watamcheka mpaka mtoto aote ndevu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, bwana. Nikatazama vidole vya miguu yake: vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayepanda mti. Nikampima. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshuka.

“Sista, haendi popote. Njoo uweke mkono hapa.”

“Naliaka, mimi nasema huyu—”

“Utasema baadaye. Weka mkono.”

Aliuweka, nadhani kwa mshangao tu. Uchungu ukaja, tumbo likawa gumu kama jiwe chini ya kiganja chake, na uso wa Chepkurui haukutikisika. Sista hakuutoa mkono mpaka uchungu ulipopita.

Basi nikamshusha mama wa watu kutoka kwenye kitanda kile cha kumlaza kama maiti. Alipiga magoti kwenye blanketi sakafuni, nami nikakaa nyuma yake, nikamshika chini ya makwapa ili aniegemee. Nje dereva akapiga honi. Sista akakimbilia dirishani.

“Wewe kwenda! Yeye nabaki hapa!”

Kisha akarudi, akapiga magoti mbele yetu na gauni lake jeupe, na mikono yake ndiyo iliyompokea mtoto wa kike. Mtoto alilia mpaka wodi nzima ikacheka. Nilimweka kifuani pa mama yake.

Hapo ndipo Chepkurui alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yakitetemeka, na Sista akanigeukia akiwa ameingiwa na hofu.

“Kwa nini sasa nalia? Iko umia wapi?”

“Siumii,” Chepkurui akamjibu mwenyewe. “Namlilia yule wa lori. Siku ile kulikuwa na wanaume, sikuweza kulia.”

Sista alifunga mlango, akaketi sakafuni kando yetu. Tukamwacha alie mpaka atosheke.