Mwizi Tunamjua

"Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa niaba ya bweni hili tukufu, natangaza rasmi kwamba mwizi wa pasi tunamjua!"

Kiranja aliyatamka hayo akiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifua mbele, shati limekunjamana kama limetoka mdomoni mwa mbuzi. Pasi ya bweni ilikuwa imetoweka. Mwizi hakumjua, wala hakuna aliyemjua. Ila aliwahi kuwasikia wakubwa wakisema hivyo redioni, akapenda uzito wake. Mwizi angetetemeka na kuirudisha kabla ya chai.

Kisha akanyamaza, ili maneno yaingie. Mtu akinyamaza, macho lazima yakae mahali. Yake yakakaa kwenye kitanda cha dirishani, kwa mdogo wake, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa amevaa shati lililonyooka kuliko mashati yote bwenini.

"Ahaa!" bweni likalipuka. "Kumbe! Ndiyo maana kanyooka hivyo!"

"Shati nalilaza chini ya godoro," kijana akasema. "Kaka, si unajua? Waambie."

Kaka alijua. Ndiye aliyemfundisha. Lakini kushuka kwenye ndoo na kusema alikuwa anatisha tu kungemvua heshima mbele za watu. Akakohoa.

"Uchunguzi unaendelea," akasema.

Uchunguzi wenyewe ukafanywa na bweni. Godoro la kijana likamwagiwa maji. Akikaa mezani, benchi zima linahama. "Pasi, sogea huko, utatuunguza!" Akaacha kuja kula.

Mwisho wa juma matroni akaingia na pasi mkononi. "Nani kawaambia imeibwa? Waya ulikatika, nikaipeleka kwa fundi." Wakaipokea, wakapanga foleni ya kunyoosha kaptura. Aliyesema pole hakuwepo. Jina la Pasi nalo likambakia kijana.

Mama mdogo alipofika kumchukua mwanawe, kijana alikuwa ameshakunja shuka. Mama akalifunga sanduku kwa kamba yeye mwenyewe, akikaza kila fundo kwa goti.

"Shikamoo, Mama mdogo," kiranja akasema mlangoni.

Mama mdogo akakaza fundo jingine.

"Mimi sikumtaja mtu jina," akajitetea kabla hajaulizwa. "Walinielewa vibaya tu."

"Kwani nimekuuliza jina?" Mama mdogo akainua kichwa. "Uliponyamaza pale juu ya ndoo yako, ulikuwa unamwangalia nani?"

Kiranja akatafuta neno zito la kusimamia. Hakupata hata jepesi. Mdogo wake alikuwa ameshabeba sanduku begani, anangoja njia.

"Yeye," kiranja akasema. "Shati lake lilikuwa limenyooka kuliko langu, Mama mdogo. Likaniuma."

Akasogea kando ya mlango, wakapita.