Swichi ya Meko ya Bi Arvella

Tangu mumewe Hobart afariki, Bi Arvella Stiles hakuwa akiwasha moto. Alikuwa na nyumba milimani, mashariki mwa jimbo la Tennessee, Marekani, na kwenye meko ya sebuleni kulikuwa na yale magogo ya udongo yanayowaka kwa gesi. Miaka yote Hobart ndiye aliyekuwa akipiga magoti pale, mkono mmoja ukifungua gesi, mwingine umeshika kiberiti. Sasa baridi imeingia, na mjane anashinda kwenye kiti amevaa koti ndani ya nyumba.

Binti yake, Noreen, aliamini ni majonzi. Jumamosi moja akamwingiza garini, wakaenda mjini kwenye duka la meko. Alitaka kumnunulia magogo mapya, labda roho ingechangamka.

Muuzaji aliitwa Truett, jamaa mnene mcheshi. "Hii ni ya kiberiti, kama mliyo nayo," akawaonyesha. "Hii ya rimoti, unabonyeza ukiwa umekaa, ila lazima umeme uwepo. Na hii ina kijimoto kinachowaka humo chini muda wote. Ukigusa swichi ya ukutani, magogo yanashika."

"Tutachukua ya kiberiti," Noreen akasema. "Baba angetaka hiyo hiyo. Si ndiyo, Mama?"

"Sitaki kiberiti."

"Basi rimoti."

"Barafu ikiangusha nyaya, umeme ukakatika, rimoti nitamwelekezea nani? Mbwa?"

Truett akacheka. Noreen hakucheka. "Kiberiti kina ubaya gani, Mama? Si ndicho kilichotukuza?"

Bi Arvella akaubana mkoba wake kifuani. Akaona hana pa kukimbilia.

"Sisikii harufu, mwanangu. Tangu nilipougua kifua mwaka jana. Kahawa, sabuni, chochote. Majuzi nilijaribu kuwasha mwenyewe, nikafungua gesi, simu ikalia, nikaenda kupiga soga. Niliporudi nikashika kiberiti. Dewey wa jirani ndiye aliyeingia akipiga kelele, 'Weka chini hicho! Nyumba nzima inanuka gesi!' Akanikokota nje kama mtoto."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka kwenye makao ya wazee. Nikaona bora nitetemeke kwangu."

Noreen akaketi kwenye kiti cha maonyesho, akalia. Katikati ya kilio akaanza kucheka. "Una kichwa kigumu, Mama! Mimi roho juu kila siku, nadhani umechoka kuishi. Kumbe ni pua!"

"Ni pua tu."

"Nani kasema nakupeleka popote? Nikupeleke kwa wenzio uwatese?"

Bi Arvella akashusha pumzi ndefu, mabega nayo yakashuka.

Truett, aliyekuwa akijifanya kupangusa rafu, akarudi. Noreen akamuuliza, "Hicho kijimoto kikizimika, gesi si itajaa ndani?"

"Kikizimika, vali inayopitisha gesi inapoa, inajifunga yenyewe. Na hakihitaji umeme. Joto lake ndilo linaloendesha swichi. Kinakula gesi kidogo, sikufichi."

"Kile basi," akasema Bi Arvella. "Kile kile."

"Na kengele ya kugundua gesi," Noreen akaongeza. "Pua ya mama imestaafu."

Wiki iliyofuata fundi alikuja, akakagua bomba la moshi, akafunga kila kitu. Dewey naye alisogea kushuhudia. Bi Arvella akagusa swichi kwa kidole kimoja. Mshindo mdogo ukasikika, kisha ndimi za manjano zikatambaa juu ya magogo.

"Ni hivi tu?" akashangaa.

"Nimeshapoteza kazi yangu ya kukuokoa," Dewey akalalama.

"Kaa chini ule, acha maneno."

Akawapakulia maharage na mkate wa mahindi. Walipomaliza, Dewey akaaga. Noreen akavua viatu, akanyoosha miguu kuelekea motoni, akasema anapumzika kidogo tu. Mama yake alipotoka jikoni kumletea kahawa, alimkuta anakoroma.