Nyumba Namba Saba na Ukurasa wa Pili

Haya, tegueni: nyumba yangu ilishuka mlimani kwa miguu arobaini. Mkishindwa msinipe mji, maana kiwanja kimoja tu kimeshanitoa jasho.

Serikali ilikuwa inauza nyumba za zamani za wanajeshi pale juu ya Msasani yetu ya huku milimani, si ile ya pwani, zilizobaki tupu kambi ilipohamishwa. Nikasoma tangazo ubaoni, nikapeleka zabuni, nikashinda nyumba namba saba. Nilitaka binti yangu Tusekile na wanawe watatu watoke kwenye chumba kimoja cha kupanga. Na mimi nina darasa la saba, nani wa kunisomea?

Siku hiyohiyo nikapanda migomba kumi nyuma ya nyumba. Kwetu nyumba isiyo na migomba ni stoo tu. Nilikuwa nashindilia udongo huku naimba, akaja Koplo Asajile, mlinzi wa pale.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nahamia, mjukuu wangu."

"Bibi! Umenunua mabati, mbao na matofali. Ardhi bado ni ya jeshi. Una siku kumi na nne ubomoe uondoke navyo. Hukusoma ukurasa wa pili?"

Kumbe kulikuwa na ukurasa wa pili! Mimi niliishia penye neno "zinauzwa", nikakimbilia bahasha.

Tusekile hakulia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, umeninunulia nyumba ya kubeba kichwani!"

"Basi tuibebe," nikasema, maana aibu ilishanizidi kimo. Nikawaita wanakwaya wenzangu, pamoja na mimi na Tusekile tukawa wanawake ishirini. Mafundi wakabomoa, sisi tukashusha hadi kwenye kipande changu cha shamba bondeni. Winfrida alibeba mlango wenye namba saba, na kila aliyekutana naye njiani alibisha hodi.

Siku ya kumi na tatu tulikuwa tumemaliza, fundi ameanza kujenga. Simu ikaita. Koplo.

"Bibi, eneo linatakiwa liachwe tupu. Njoo ung'oe migomba yako."

"Hilo limeandikwa wapi, mjukuu wangu?"

"Ukurasa wa tatu."

Nikachukua jembe, nikapanda tena mlima. Jioni ile mimi na Tusekile tukaipanda upya bondeni, yote kumi. Ukuta ulikuwa haujafika hata magotini, lakini migomba ilishajua mlango wa nyuma utakuwa wapi.